Siku Saba za Usta

Karakana ya mazulia, chumba cha juu
Doshambe, yaani Jumapili, tarehe 1 Februari

Shangazi yangu, shikamoo. SHIKAMOO! Hiyo ya pili nimeiandika kwa herufi kubwa kwa ajili ya masikio yako. Mashine za nyuzi zimekula masikio lakini macho zimekuachia, kwa hiyo huna kisingizio.

Mimi ni mzima kama jiwe. Mdogo wangu hajambo? Mwambie kaka yake sasa ana ndevu saba, nimezihesabu mbele ya kioo, na mbili zimeanza kujikunja. Lile tangi la maji bado linavuja? Usimwite yule fundi mwenye maneno mengi, nitalitengeneza mwenyewe nikirudi. Ndiyo, hata kabla sijaondoka nilisema hivyo hivyo.

Sasa sikiliza habari. (Soma habari, samahani.) Hapa karakana tuko watatu. Wa kwanza ni Usta. Hilo si jina, ni cheo, maana yake fundi mkuu, na hata muuza magazeti wa kona anamwita hivyo. Ni mzee. Magoti yake yamekufa kwa miaka hamsini ya kukaa chini akifunga mafundo. Ngazi anashuka kinyumenyume kama mtoto wa mwaka mmoja. Wa pili ni Bi Mkasi, mama anayepunguza manyoya ya mazulia kwa mkasi mrefu kuliko mkono wangu. Yeye anajua Kiajemi cha Usta na anajua lugha ya hapa, kwa hiyo ndiye mdomo wa Usta na ndiye sikio lake. Wa tatu ni mimi, mwosha mazulia, msukuma mkokoteni, na karibuni hivi fundi.

Kiajemi chenyewe, Shangazi, ni chepesi mno. Nusu yake tunayo nyumbani tangu zamani. Ukitaka chai unasema chai. Rangi ni rangi. Sabuni ni sabuni, pamba ni pambe. Wiki ya kwanza nilidhani mzee anaongea Kiswahili kibovu. Namba nimezipata kwa kumsikia akihesabu mafundo: yek, do, se, chahar, panj. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Juzi nikamsikia anamhesabia Bi Mkasi siku za juma kwa vidole, akaanza hivi: shambe, yekshambe, doshambe, seshambe, chaharshambe, panjshambe, jome. Bi Mkasi akataka kunieleza, nikamwambia mama, wewe pumzika. Si ni sisi hao hao? Sisi tuna mosi, pili, tatu, nne, tano. Nikajipangia mwenyewe, bila mwalimu na bila kiboko.

Jumamosi, yekshambe. Jumapili, doshambe. Jumatatu, seshambe. Jumanne, chaharshambe. Jumatano, panjshambe. Ijumaa ni jome, hiyo hata kuku anaisikia. Ikabaki Alhamisi, ambayo hata kwetu haina namba, nayo ikaiokota ile shambe iliyobaki peke yake. Saba kwa saba, hakuna iliyokosa mwenzake! Na yule mwalimu wa darasa la sita alisema kichwa changu ni cha kuvalia kofia tu.

Bi Mkasi anaondoka mwisho wa mwezi huu, binti yake anajifungua mbali, atarudi katikati ya Aprili. Usta akaanza kuhangaika, nani atakuwa mdomo wake? Nikapiga kifua. Bi Mkasi akaniuliza, “Hata siku unazijua?” Nikamwambia, “Najua.” Unakumbuka ulivyonibatiza jina hilo nikiwa na miaka sita? Basi sasa nimekuwa Bwana Najua wa lugha mbili.

Niandikie upesi unisifu.

Mwanao asiye na mfano,
Bwana Najua


Karakana
Panjshambe, yaani Jumatano, tarehe 11 Machi

Shikamoo Shangazi. Mbona kimya? Hii wiki ya sita. Posta imekufa au wewe umenichoka? Au mdogo wangu ameila barua? Nakujua, ungekuwa mgonjwa ungeandika, maana hupendi kuugua bila watu kujua. Mimi sijambo. Ndevu zimefika kumi na moja.

Hapa kumetokea jambo, na bila Bi Mkasi nimelibeba mwenyewe. Usta ana mdogo wake. Nani alijua? Wiki iliyopita ilikuja barua, mzee akaisoma akiwa amesimama, yeye ambaye hata kikombe hawezi kukinywa akiwa amesimama. Akanionyesha picha ya zamani, vijana wawili wenye masikio yaliyochomoza kama mishikio ya sufuria. Mmoja ni yeye. Akanionyesha vidole: miaka ishirini na miwili hawajaonana. Akanichorea treni kwenye karatasi ya kufungia, akanionyesha saa nne kwenye saa ya ukutani, akaniambia “seshambe”. Nikaelewa kila kitu: mdogo wake anapita na treni, nikampokee, nimlete nyumbani, kwa kuwa ngazi za stesheni magoti ya Usta hayaziwezi. Akanishika sikio akasema tena, “Seshambe.” Nikamjibu ndiyo kwa lugha yake, “Bale, Usta, seshambe,” kama mtu aliyezaliwa huko.

Ungemwona! Alinyoa. Alinunua viatu vya kahawia, vipya, vya kamba. Akaniachia ufunguo wa karakana akabaki nyumbani kwake siku mbili, kupanga.

Jumatatu saa tatu na nusu nilikuwa stesheni, shati limenyooshwa mpaka linakata. Zilikuja treni tatu. Niliinua ile picha juu, nikaangalia masikio ya kila mzee aliyeshuka. Mmoja alishika kofia yake akidhani naitamani. Nilisubiri mpaka saa saba. Hakuna. Hakuja mtu.

Nifanye nini? Kwa Usta sikwenda. Habari mbaya haina haraka, nilisema, acha aje mwenyewe. Jana Jumanne nilishinda karakana peke yangu, nikaosha zulia moja jekundu la watu, nikanywa chai vikombe vitatu, nikaimba kwa sauti kwa kuwa hapakuwa na wa kunizuia.

Leo ndiyo Usta amekuja. Amevaa viatu vya zamani. Akaniuliza neno moja, amekuja? Nikamwambia hakuja, nikamwonyesha kwa vidole saa nilizosubiri. Akaitikia kwa kichwa, akakaa chini, akaanza kufunga mafundo. Mpaka sasa ninapoandika bado anafunga.

Watu wengine, Shangazi, moyo wao wameuchonga kwenye jiwe. Mtu unaahidi kuja, unamfanya kaka yako mzee anunue viatu, halafu hutokei! Mimi mdogo wangu akinifanyia hivyo nitamsusia mpaka kiyama.

Jibu basi.

Mwanao


Nyumbani
Tarehe 13 Februari

Mwanangu, marahaba.

Barua yako niliipata jana. Sisi wazima. Mdogo wako amepanda darasa, hesabu amepata alama nzuri, sijui amerithi wapi. Tangi bado linavuja na nimeweka ndoo chini. Kuna jambo katika barua yako sikulipenda, lakini tuliache.

Hizo siku zako umezikosea. Kaa chini, toa mkono mfukoni, hesabu nami. Umeandika mwenyewe kwamba Usta alianza na shambe akamalizia na jome. Kama jome ni Ijumaa, basi iliyo kabla yake, panjshambe, ni Alhamisi. Itakuwaje Jumatano? Na baada ya Ijumaa inakuja siku gani? Jumamosi. Hiyo ndiyo shambe. Sisi Jumamosi tunaipa namba moja. Wao wanaiacha bila namba, wanaanza kuhesabu kesho yake. Yekshambe ni Jumapili. Doshambe ni Jumatatu. Seshambe ni Jumanne. Chaharshambe ni Jumatano. Wewe uko mbele ya wenzako siku moja nzima. Ukiambiwa njoo seshambe utafika jana yake, ukae unamlaumu mwenye nyumba kwamba hayupo.

Muulize huyo mzee au huyo mama. Kuuliza si ujinga, wimbo huo uliuimba darasa la pili nikiwa nimekaa nyuma na wazazi wengine.

Shangazi yako

Nimeongeza tarehe 12 Machi: barua hii naituma leo. Usiniulize kwa nini imekaa.


Karakana
Tarehe 24 Machi

Shikamoo Shangazi.

Barua yako imefika jana. Hesabu yako ni sahihi, nimeirudia kwa vidole. Asante. Hapa kazi inaendelea. Usta hajambo. Msalimie mdogo wangu.

Mwanao


Nyumbani
Tarehe 8 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Tuko salama. Mdogo wako aliumwa jino, limeng'olewa, sasa anaongea kama wewe ulivyokuwa, anatema mate mbele ya maneno. Jirani wa juu amenunua mlango mpya, anatufungulia na kutufungia kutwa nzima ili tuuone.

Nina barua zako mbili hapa mezani, ya kurasa nne na ya mistari sita. Tangu ujue kushika kalamu hujawahi kuniandikia mistari sita. Hata ulipovunja dirisha la shule uliniandikia kurasa mbili kunieleza jinsi dirisha lilivyokosea.

Nimezisoma mara tatu. Katika ile ndefu umeandika kwamba mzee alikwambia seshambe, na kwamba wewe ulikwenda stesheni Jumatatu. Halafu barua yangu ikakufikia. Sikuulizi kama umejua, maana najua umejua. Nakuuliza moja tu. Umemwambia?

Shangazi yako


Karakana
Tarehe 3 Mei

Shikamoo Shangazi. Pole kwa jino la mtoto. Mwambie lile bovu alitupe vizuri lisije likaota kwa jirani mwenye mlango.

Hapana. Sijamwambia.

Nilikuwa juu ya paa naanika mazulia barua yako ile ya siku za juma ilipofika. Niliisoma nikacheka, ile ya kufika jana yake, nikacheka peke yangu kabisa. Halafu kicheko kikakatika. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena kuanzia kidole kingine, nikitumaini mkono utanidanganya. Kutoka karakana mpaka stesheni ni mwendo wa dakika kumi na mbili, Shangazi. Jumanne ile saa nne asubuhi nilikuwa kwenye kikombe cha pili cha chai. Mtu ametoka huko alikotoka, amekaa benchi, na mimi hapa naimba.

Ningemwambia siku ile ile. Naapa nilishuka ngazi kwa nia hiyo. Nilimkuta Usta ameweka kigoda cha pili mbele ya fremu ya kufumia. Akanipa kisu chake kidogo cha ndoano, kile anachofungia mafundo, ambacho hata Bi Mkasi haruhusiwi kukigusa. Akasema, “Pesar.” Maana yake kijana, mwanangu. Akanifundisha fundo la kwanza. Sasa sema wewe, mtu unaanzia wapi? Nikasema kesho. Kesho yake akanifundisha kugeuza uzi.

Najua ungeniambia nini. Usiniambie.

Bi Mkasi amerudi, amepata mjukuu mwenye nywele nyingi mno, anasema atampunguzia kwa mkasi wa kazini. Nikajitia udadisi wa kijinga, nikamuuliza, “Hivi ile barua ya mdogo wake Usta ilisemaje?” Usta alikuwa amempa aisome. Akanisimulia huku anakata manyoya, bila hata kuniangalia.

Kumbe mama yao alipougua Usta alikuwa ameshaondoka, mdogo wake akabaki kumuuguza peke yake, mama akafa, na Usta hakurudi kuzika. Hapo ndipo walipokatana. Sasa huyo mdogo mtu alikuwa anahamia kwa binti yake, mbali sana, huko wasikorudi wazee. Aliandika kwamba yeye ameshasahau. Akaandika hivi: “Treni yangu inasimama hapo mjini kwako Jumanne. Nitakaa benchi kuanzia saa nne mpaka saa nane. Kama hutaki kuniona, usimtume mtu, nami nitaelewa, sitakusumbua tena.”

Bi Mkasi akaacha kukata. “Mbona unatoka jasho?”

Nikamwambia joto.

“Joto gani, na dirisha liko wazi?”

“Mama, kata zulia la watu.”

Kwa hiyo yule mzee kule anajua kaka yake alimkataa. Na huyu wa hapa anajua mdogo wake alimdanganya. Mwenye kujua ukweli duniani ni mimi na wewe, na wewe huwezi kuniongelea, uko mbali.

Nikisema, atanifukuza. Hilo ni dogo, nimeshafukuzwa pazuri zaidi ya hapa. Kubwa ni vile atakavyoniangalia. Ile picha niliyomrudishia ameiweka chini ya vipande vya mabaki ya mazulia. Juzi nilikuwa natafuta kiraka cha bluu nikaikuta. Nikaifunika.

Nipe wiki mbili. Nikimaliza kiraka changu cha kwanza nitamwambia, angalau awe na kitu kimoja kizuri kutoka kwangu mkononi.

Mwanao


Nyumbani
Tarehe 17 Mei

Mwanangu, marahaba.

Mdogo wako mzima. Mimi kiwandani wamenitoa kwenye mashine, wamenipeleka kwenye kukunja vitambaa. Wanasema ni kwa usalama wangu. Huko hakuna kelele, na kwangu ni mamoja.

Sikutaka kukuandikia hili. Barua yako ya kwanza niliipata tarehe 12 Februari nikiwa naingia kazini. Nilikuwa sijakusikia tangu mwaka mpya. Nikaibeba mpaka chumba cha kulia, nikawaambia wenzangu, jamani, mwanangu ameandika, yuko ughaibuni anajifunza ufundi na lugha za watu. Nilitaka kujivuna kidogo. Nikampa mmoja aisome kwa sauti ili wote wasikie. Mimi sikusikia. Niliona midomo yao ikicheka, nikacheka nao, nikidhani umesema kitu kizuri. Mpaka nilipoirudisha mkononi nikaona ni masikio yangu.

Najua ulitania. Wewe kwangu utani ndiyo salamu. Lakini siku ile uliniingia. Kesho yake nikakujibu, kwa kuwa kosa la hizo siku nililiona papo hapo na lilinichekesha. Bahasha nikaigundisha, nikaandika anwani, halafu nikasema hapana, ngoja naye akae anasubiri, aone kuongea na mtu asiyejibu kukoje. Nikaiweka chini ya kitambaa cha meza. Wiki nne tumelia chakula juu yake.

Barua kutoka hapa inachukua siku kumi au kumi na moja. Hesabu mwenyewe, sitaki kuiandika.

Kwa hiyo mzigo huu usijifanye unaubeba peke yako. Upande mmoja nimeushika mimi, ila mimi siwezi kufika hapo nikamwambia. Wewe unaweza. Usingoje kiraka. Mzee hana haja ya kiraka chako. Mwambie leo, na kama huna maneno mwambie bila maneno, na akikufukuza njoo nyumbani, tangi linakusubiri.

Shangazi yako


Karakana
Jumatatu, tarehe 13 Julai

Shikamoo Shangazi. Mdogo wangu hajambo? Na huko kwenye kukunja unaendeleaje, vidole haviumi?

Kwanza hili la masikio. Tarehe uliyoongeza chini ya barua niliiona siku ile ile ilipofika. Nikahesabu siku kumi na moja kutoka 13 Februari, nikajua ingefika kabla ya treni. Nilitaka kukulaumu, Mungu anisamehe, ilikuwa raha sana kupata mtu wa kumlaumu. Sikusema kwa kuwa niliogopa ungeniuliza yaliyobaki. Sikujua mimi ndiye niliyeiweka hiyo barua chini ya kitambaa. Nisamehe. Sitaandika tena utani huo, hata kwa herufi ndogo.

Nilimwambia. Ilikuwa Alhamisi tarehe 4 Juni. Nilimwomba Bi Mkasi akae pembeni lakini asisaidie mpaka nimuite. Nilikaa kwenye kigoda changu, nikaweka kile kisu sakafuni, nikasema kwa Kiajemi changu: Doshambe nilikwenda. Seshambe sikwenda. Basi, sikuwa na zaidi ya hayo. Usta akaniangalia. Nikarudia. Nikamwonyesha vidole jinsi nilivyohesabu, mosi, pili, tatu, na jinsi wao wanavyohesabu, nikamwonyesha hii siku moja iliyopotea katikati.

Nilijua atanipiga. Shangazi, alicheka. Alisema kitu kwa kelele nikadhani ni tusi, Bi Mkasi akasema si tusi, anasema, “Basi alikuja! Kumbe alikuja!” Akaitoa ile picha chini ya mabaki akaipangusa kwa mkono wa shati.

Halafu akatulia. Akamwambia Bi Mkasi aniulize nilijua lini. Nikasema Machi. Akataka tarehe. Nikasema tarehe ishirini na tatu. Akahesabu wiki kwa vidole, polepole, akafika kumi, akaacha mkono magotini.

Hakunifukuza. Jioni ile ile aliandika barua kwa mdogo wake, kurasa saba. Kesho yake akaja amevaa viatu vya kahawia na akataka kuipeleka posta mwenyewe, na mimi nikatembea mbele yake kwenye kila ngazi, kinyumenyume, mikono nimeinyoosha.

Tulisubiri wiki tano. Kila siku alimuuliza mleta barua kabla hajamsalimia.

Jibu lilikuja Alhamisi iliyopita. Limeandikwa na binti. Baba yake alifariki tarehe 19 Mei. Moyo, anasema, na hakuugua muda mrefu.

Nimehesabu, Shangazi, hakuna jioni ambayo sijahesabu. Barua kutoka hapa mpaka kwa binti inachukua wiki mbili na siku kadhaa. Ningesema ile Machi, juu ya paa, na ile barua yako mkononi, mdogo wake Usta angeandikiwa, angeipata katikati ya Aprili. Angeisoma mwezi mzima.

Binti anasema baba yake alikaa benchi mpaka saa nane, kama alivyoahidi, treni ikaja akaiacha ipite, akakaa mpaka saa kumi. Akapanda ya mwisho. Nyumbani hakusema lolote baya juu ya kaka yake. Alisema magoti ya kaka yake pengine hayawezi ngazi. Alijua, Shangazi. Bila kuambiwa na mtu.

Mwisho wa barua binti anauliza. Bi Mkasi alikuwa anatusomea, akafika hapo akasita, Usta akamwambia soma. Ameandika: “Ba'mkubwa, nimeelewa kwamba uliyemtuma alikosea siku. Watu hukosea. Lakini barua yako ni ya Juni. Kuanzia Machi mpaka Juni kulikuwa na nini?”

Usta akakunja ile barua. Akasema na Bi Mkasi maneno machache, naye akanigeukia. Alinitafsiria akiangalia mkasi wake.

“Anasema ile Jumanne alikusamehe siku ile ile ulipomwambia. Hili lingine anasema hakuulizwa yeye. Utamjibu binti mwenyewe.”

Nikasema, “Mama, mwambie siwezi kuandika hizo herufi.”

Usta hakungoja tafsiri. Akanipa kalamu.

Tangu Alhamisi Bi Mkasi ananifundisha herufi, zinatoka kulia kwenda kushoto, mkono wangu wote umejaa wino. Ananiandikia neno upande, nalinakili. Nimeharibu karatasi tisa. Ya kumi iko mbele yangu sasa hivi, na kando yake hii yako. Nimeandika salamu. Nimeandika pole kwa msiba. Nimeandika: “Mimi ndiye niliyetumwa.” Neno linalofuata Bi Mkasi amekataa kuniandikia mpaka nimwambie mwenyewe nataka kusema nini, na nimefungua mdomo mara tatu. Usta amekaa kwenye fremu yake, mgongo kwangu. Hajaniambia fanya haraka, wala hajaniambia acha.

Posta inafungwa saa kumi na moja. Hii yako siipeleki peke yake, nitazipeleka zote mbili pamoja au nisipeleke yoyote. Kwa hiyo kama unaisoma, Shangazi, ujue ile nyingine niliimaliza.

Mwanao